Kiraka Kwenye Ramani ya Kitalu cha Tatu

Mtanisamehe wanangu, naanza nikiwa nimekasirika. Juzi nilikwenda steshenari moja hapa mtaa wa Malangali kutoa kopi ya cheti changu cha ubatizo. Mbele yangu alikuwepo mwalimu aliyeleta PDF ya somo lake, akitaka igeuzwe kuwa slaidi ili aweze kurekebisha mambo mawili matatu. Binti wa pale hata hakuketi. Alibonyeza mara moja, akasubiri kidogo huku anachezea simu, akamrudishia mwalimu flashi yake. "Tayari," akasema. Hakulifungua faili. Hakuangalia hata ukurasa mmoja.

Nikamuuliza, "Mwanangu, umekagua?"

"Shikamoo bibi," akanijibu, na heshima anayo, sikatai. "Siku hizi mashine inageuza yenyewe."

Mashine inageuza yenyewe! Nilitoka pale bila kopi, nikasahau na cheti changu juu ya meza, ikabidi nirudi kukichukua na aibu juu. Mashine haigeuzi chochote yenyewe. Mashine inabomoa, halafu mtu anajenga upya, na kama hakuna mtu wa kujenga basi mteja anaondoka na kifusi ndani ya flashi. Hilo nalijua kwa sababu nimefanya kazi hiyo mji huu huu wa Sumbawanga, tangu enzi za taipureta hadi macho yaliponiambia basi. Nataka niwaeleze nilivyojifunza, na nilivyokosea, kabla hamjaniona bibi mkorofi tu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bibi Felista, mkuu wa chumba cha wachapaji katika shirika moja la umma lililokuwa na ofisi zake hapa mjini. Alikuwa mama mfupi, miwani imefungwa uzi shingoni, na akikasirika alihamia Kifipa bila kutoa taarifa. Wachapaji tulikuwa sita, taipureta sita, na chupa moja ya wino mweupe wa kufunikia makosa. Chupa hiyo ilikaa kwenye droo yake. Ukikosea herufi unakwenda kuiomba kama unaomba ruhusa ya kwenda msibani.

Siku moja nilichapa barua ya uhamisho nikakosea jina la mtumishi. Nikaomba wino, nikafunika jina, nikapuliza likauka, nikachapa jina sahihi juu yake. Kazi safi, nikajisifu moyoni. Bibi Felista akaichukua barua, hakuisoma. Alikwenda nayo dirishani, akaibandika kwenye kioo jua likiwa nyuma yake. Majina yote mawili yakaonekana, moja juu ya lingine, mtu wa kwanza na mtu wa pili wote wanahamishiwa kituo kimoja.

"Kufunika si kufuta, binti," akasema. "Karatasi inakumbuka."

Nikachapa upya barua nzima, na nakala zake tatu. Nilinuna wiki nzima. Leo namshukuru, na nikiwa na hasira zaidi ndipo namshukuru zaidi.

Kisha likaja wimbi la ubinafsishaji. Shirika letu likauzwa, na tuliloambiwa sisi wachapaji lilikuwa fupi: mnapunguzwa. Tulikabidhi taipureta kwa kuandikishana, kana kwamba tungezibeba kichwani kwenda kuzilimia. Bibi Felista alirudi kwao kulima ulezi. Mimi nikaajiriwa na Bwana Kastori, ambaye alikuwa amefungua steshenari karibu na stendi, mojawapo ya za kwanza mjini kuwa na kompyuta. Alikuwa mtu mchangamfu, mwoga wa wakubwa, mwenye kauli moja aliyoirudia kila siku: "Mama Gaude, sisi ni bomba. Maji yanapita tu. Chapa, usisome."

Kwa muda mrefu niliiona ni kauli nzuri. Mchapaji anayesoma barua za watu na kwenda kuzihadithia sokoni hafai kabisa. Lakini kuna kusoma kwa umbea na kuna kusoma kwa kazi, na Bwana Kastori hakuwahi kuvitofautisha.

Miaka hiyo wageni wa kila aina walikuwa wanakuja Rukwa na semina zao. Kila mgeni ana CD, na ndani ya CD kuna PDF. PDF ni waraka uliofungwa. Unausoma, unauchapa, lakini huugusi. Wanafika hapa, ofisi ya serikali inawaambia kwamba wananchi hawajui Kiingereza, wekeni Kiswahili, na ule waraka wenyewe wa kurekebishika wameuacha kwenye kompyuta Dar es Salaam. Basi mbio kwa Mama Gaude. Wananiletea saa nne asubuhi, wanataka saa sita. Na hawana hata haya! Mtu amekaa na kazi yake miezi mitatu, anakupa wewe masaa mawili, halafu anakuuliza mbona unachelewa.

Walikuwa wakinitania, "Mama Gaude, unaweza kuurudisha ugali uwe unga?"

Nami nawajibu, "Naweza, ila utaukuta na mabonge."

Sikilizeni hayo mabonge, maana ndiyo kazi yenyewe. Kwanza pitisha mshale juu ya maneno. Yakigeuka bluu, hayo ni maandishi na mashine itayatoa. Yasipogeuka, hiyo ni picha ya maandishi tu, umepigiwa picha ya chakula, kaa chini uchape kila neno. Pili, mashine haijui sentensi. Sentensi ya mistari mitatu inarudi ikiwa visanduku vitatu visivyojuana, ukihamisha kimoja vingine vinabaki vinashangaa. Lazima uviunganishe kwa mkono. Jedwali ndilo baya kuliko yote, linarudi mistari upande huu na namba upande ule. Mimi nilikuwa nachapisha PDF kwanza, nazining'iniza kurasa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo mbele ya macho yangu, halafu nakagua kuanzia ukurasa wa mwisho kwenda wa kwanza. Ukianza mwanzo unanogewa na maelezo, jicho linalala. Wateja walikuwa wanaingia wanafikiri nimeanika.

Na jambo la tatu ni viraka. Mashine ikibomoa PDF huwa inaacha visanduku vyeupe visivyo na kitu, huku na huko, mabaki tu. Mwanzoni nilivichukia. Nilikuwa navifuta vyote kwa mkupuo, napata slaidi safi, napiga makofi peke yangu.

Mpaka akaja mkufunzi mmoja wa semina ya walimu. Kazi yake ilikuwa maswali ya chemsha bongo. Kila swali lilikuwa na jibu chini yake, na yule baba alikuwa amefunika kila jibu kwa kisanduku cheupe ili akiwa ukumbini aondoe kimoja kimoja baada ya walimu kujibu. Hakuniambia, nami sikuuliza. Nikaona viraka, nikasema haya takataka zao, nikafagia. Kesho yake alirudi dukani, vumbi la chaki limejaa kwenye koti.

"Mama, umenifanyia nini?"

"Kwani kuna nini, mwalimu?"

"Natoa swali, jibu liko chini yake ukutani! Wamepata wote! Hata aliyekuwa amelala nimemwamsha akapata!"

Nilicheka nyumbani, dukani sikuthubutu. Lakini tangu siku hiyo nilijiwekea utaratibu, na binti yule wa Malangali angekuwa nao nisingenuna. Hufuti kiraka usichokijua. Unakishika, unakisogeza, unatazama chini yake, unakirudisha. Ndipo unaamua.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kulikuwa na ranchi ya serikali upande wa Mwimbi, kubwa, ambayo siku hizo ilikuwa inakatwa vitalu ili wapewe wawekezaji. Kitalu cha tatu kilipakana na kijiji kimoja ambacho jina lake nalihifadhi. Wakulima wa hapo ni Wafipa wa siku zote, mahindi na ulezi, na pembeni yao wapo wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Hao watu walikuwa wanagombana mwaka mzima, ng'ombe kaingia shambani, shamba limesogea njiani. Kilichowaunganisha ni chemchemi moja tu. Kiangazi, mito midogo yote ikikauka na upepo wa uwanda wetu ukaanza kupasua midomo, hiyo ndiyo inawanywesha, mtu na mnyama.

Mtaalamu mshauri aliyekuja kuwaeleza wanakijiji habari za vitalu alituletea PDF Jumatatu. Mkutano ulikuwa Alhamisi. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mtu wa adabu, suti ya kijivu, anasalimia kila mtu. Alitaka slaidi za Kiswahili. Nikaning'iniza kurasa zangu, nikaanza.

Jumanne asubuhi nilifika kwenye ramani ya kitalu cha tatu. Mashine ilikuwa imeitoa vizuri, mipaka kwa rangi nyekundu, ardhi yote rangi ya majani makavu. Nikapita nikishika vitu kimoja kimoja. Upande wa kusini, mahali palipoonekana hapana kitu, mshale ukashika kitu. Vikatokea vile vidoti vinane vinavyozunguka kisanduku ukikigusa. Kilikuwa kiraka kikubwa, kisicho na mstari wa pembeni, rangi ya majani makavu kama ramani yenyewe.

Nikakisogeza. Chini yake kulikuwa na duara la bluu, na njia ya mistari iliyokatika katika inayotoka kijijini mpaka kwenye duara lile, na maneno madogo ya Kiswahili: maji ya kijiji na njia ya mifugo, isizuiwe.

Nilikaa nikiangalia. Mashine ikiacha mabaki huacha cheupe. Haina akili ya kuchagua rangi. Ili upate rangi ile ile ya ramani, lazima mtu akae, aipime, aichague, avute pembe ya kisanduku mpaka kifunike duara na njia na maneno, asibakize hata nukta. Ilikuwa kazi ya mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa fundi.

Nikamwita Bwana Kastori. Akaangalia, akaangalia mlangoni, akaangalia tena.

"Kirudishe," akasema.

"Bwana Kastori, hawa watu wanafichwa maji yao."

"Mama Gaude, tunageuza, hatuchunguzi. Huyu mtu kaletwa na ofisi. Kesho tukikosa kazi za ofisi, mimi na wewe tutakula nini? Sisi ni bomba."

Nikakirudisha. Nalitamka neno hilo kwa hasira, na hasira hiyo si ya Bwana Kastori. Nilikirudisha mahali pake pale pale, sikukosea hata unywele.

Jumatano ililetwa kazi nyingine ya mkutano huo huo. Ilikuwa muhtasari. Muhtasari wa mkutano ambao haujafanyika! Mahudhurio wazi, nafasi za sahihi wazi, lakini maamuzi yamejaa tayari: wanakijiji wote wameafiki mipaka ya kitalu cha tatu kama ilivyoonyeshwa kwenye ramani. Nikauchapa. Nakala nne, bila kosa hata moja. Bibi Felista angenisifu kwa usafi wa kazi, halafu angenizaba kibao.

Alhamisi nilikwenda kijijini na mtaalamu, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuunganisha projekta na kompyuta. Tulifika saa tano, barabara imetuchafua mpaka nyusi. Mkutano ulikuwa kwenye jengo la kigango, kanisa dogo la kijiji, jenereta inanguruma nje. Jua lilikuwa kali na ukutani hapaonekani kitu, basi wanakijiji wakaenda majumbani kuleta mablanketi. Watu wa Ufipa mnatujua, nguo twaweza kukosa lakini si blanketi. Wakaziba madirisha yote. Katekista akatoa shuka lake jeupe, likatundikwa mbele. Wakulima wakakaa upande wa kulia, wafugaji kushoto, kama kawaida yao.

Mtaalamu alieleza vizuri sana. Nilikuwa nasogeza slaidi akiniashiria kwa kidole. Tukafika kwenye ramani.

"Hapa kusini," akasema, "ardhi haina matumizi yoyote. Ndiyo maana imeingia yote ndani ya kitalu."

Akasimama Mzee Zenobi. Alikuwa mzee mrefu, kofia ya sufu mkononi, koti la mvua juu ya sweta.

"Naomba kuuliza, bwana mkubwa. Chemchemi yetu mbona siioni?"

"Iko wapi, mzee?"

"Hapo hapo unaposema hapana kitu. Nilikuwa kijana wapimaji walipokuja kuweka ranchi. Niliwabebea vyuma vyao. Walituachia maji na njia ya kwendea, wakaandika kwenye ramani yao nikiona."

Mtaalamu akatabasamu, lile tabasamu la kumsubiri mtoto amalize. "Mzee wangu, mambo ya zamani tunaweza kuyasahau au kuyachanganya. Hii imetoka kwenye kompyuta. Kompyuta haidanganyi. Kama kingekuwepo kitu, kingeonekana." Akanigeukia. "Mama, hebu kuza hapo, mzee aridhike."

Wanangu, kuna mambo mtu anavumilia. Nilivumilia kupunguzwa kazi. Nilivumilia PDF za saa nne zinazotakiwa saa sita. Nilimvumilia Bwana Kastori na bomba lake. Lakini mtu kuisingizia mashine yangu, mbele yangu, kuiambia halaiki kwamba kompyuta ndiyo shahidi wake, na shahidi mwenyewe nimemfunga mdomo mimi kwa mikono hii! Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Nikatoka kwenye maonyesho ya slaidi nikarudi kwenye ukurasa wa kazi. Nikaikuza ramani mpaka kusini ikajaa shuka zima. Kisha nikagusa pale pasipo na kitu. Vidoti vinane vikatokea kwenye shuka, vikubwa kama vifuniko vya soda.

Mfugaji mmoja, Masanja, aliyekuwa amekaa mbele na fimbo yake magotini, akauliza, "Mama, hivyo vidude ni nini?"

"Ni kiraka, baba. Kuna kitu chini yake."

"Mama," mtaalamu akasema kwa sauti ya chini, "endelea na slaidi inayofuata."

Nikakivuta kiraka pembeni.

Sina maneno ya kuwaeleza kelele ya jengo lile. Duara la bluu, njia, na yale maneno madogo ambayo sasa yalikuwa na urefu wa mkono wa mtu. Katekista akayasoma kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma. Watu wa kulia na wa kushoto wakasimama wote, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwao kusimama kwa jambo moja.

Mtaalamu akainua mikono. "Ndugu wananchi, tulieni. Hizo ni takataka za mashine. Faili lilipogeuzwa limeharibika. Huyu mama ameliharibu."

"Sijaliharibu," nikasema, na sauti yangu niliisikia ikitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nimelirudisha lilivyokuwa. Mashine ikiacha takataka huacha nyeupe. Hiki kina rangi ya ramani. Rangi hiyo mashine haiijui, mtu ndiye amechagua. Ukitaka nitakuonyesha na mahali pa kuchagulia."

Hakutaka. Alikuwa anaikazia macho ile rangi ya kiraka, na mpaka leo sijui kama ndiye aliyekiweka au alipewa kikiwa kimewekwa. Alipofungua mdomo tena, Masanja akamwahi.

"Mama, kirudishe kwanza."

Nikakirudisha. Chemchemi ikapotea.

"Kitoe tena."

Nikakitoa. Watu wakapasuka kucheka, kicheko cha hasira, kile kinachotangulia ugomvi. Wakataka nikitoe na kukirudisha mara nne, tano, kila mmoja aone kwa macho yake jinsi maji ya watu yanavyopotezwa kwa kidole. Wakataka kuona karatasi za kutia sahihi, ule muhtasari ukatolewa. Mzee Zenobi alipoambiwa umeandikwa tayari kwamba wote wameafiki, aliomba asomewe mara mbili. Hakuna aliyeweka sahihi.

Mambo yalichukua muda, barua zikaenda zikarudi. Mwishowe kitalu cha tatu kilikatwa upya, chemchemi na njia vikabaki kwa kijiji. Malisho mengine yaliyokuwa mle ndani hayakurudi, na sitaki mniimbie nyimbo. Mimi Bwana Kastori aliniambia nipumzike kwanza. Nilipumzika miezi saba. Alinifuata mwenyewe nyumbani, amebeba kompyuta kwenye kikapu cha sokoni, kwa sababu tangu niondoke slaidi zilikuwa zinatoka sentensi vipande vipande na wateja wanamtukana. Nilirudi kwa sharti moja, kwamba nitasoma kila ninachogeuza. Akakubali huku anaangalia mlangoni.

Wapo waliosema nilimsaliti mteja. Niliwahi kuambiwa hivyo hata kanisani, nikiwa kwenye mstari wa kuungama. Mwenye kusema hivyo nilimjibu maneno ambayo ilibidi niyaungame pia nilipofika mbele.

Lakini kuna kitu nimekiruka makusudi, na kama nisingekisema mngeondoka hapa mkiniona shujaa.

Mkutano ulipovunjika nilikuwa nakunja waya za projekta. Watu walikuwa wanateremsha mablanketi yao, mwanga unarudi dirisha moja baada ya jingine. Wengine walinishika mkono, mama mmoja akanipa unga wa ulezi kwenye kitambaa. Mzee Zenobi alikuja mwisho. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaliteremsha blanketi lake kwenye dirisha lililokuwa nyuma yangu. "Kile kiraka ulikijua lini?"

Ningeweza kumdanganya kwamba nimekiona pale pale. Asingejua.

"Jumanne, mzee."

Alilikunja blanketi pembe kwa pembe, polepole, akalipiga vumbi, akalitia kwapani.

"Jumanne," akasema. "Na leo ni Alhamisi."

Alivaa kofia yake akatoka.

Kama yeye asingesimama kuuliza, kiraka kingebaki pale pale nilipokiweka, sahihi zingewekwa kwenye muhtasari niliouchapa bila kosa, nami ningerudi mjini nimeikumbatia projekta isipate vumbi. Nimeshakuwa mtu mzima sana na bado namsikia akizihesabu siku mzee yule, ambaye sasa ni marehemu. Kwa hiyo mkinisikia nawafokea watu kwenye steshenari, niambieni bibi mkorofi, sikatai. Sifoki kwa ajili ya mashine. Nafoka kwa ajili ya Jumatano ile, nilipojua na bado nikachapa.